Koki ya Bluu Kwanza

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, hapa hapana kiingilio. Funga na huo mlango. Nataka niwasimulie habari za nchi moja. Msiniulize nchi gani. Kwenye ramani haipo, na hata ingekuwepo mimi ramani siijui, shule niliishia darasa la pili, mwalimu akahamishwa kwenda mjini na sisi tukahamishwa kwenda kulinda ndege shambani. Nchi hiyo haipo kabisa, ila bibi yenu alikuwa anaishi huko.

Ilikuwa nchi nzuri. Nasema nzuri kwa sababu lile neno jingine lilikuwa limepumzishwa.

Alitawala huko mzee mmoja akiitwa Mwavuli Mkuu wa Taifa, kwa kuwa wote tuliishi chini yake, tukilowa kwa ruhusa yake na kukauka kwa ruhusa yake. Mawaziri wake waliitwa Vijiti. Rangi yake ilikuwa bluu, na bluu ikawa kitu cha heshima mpaka ikawa kero: humfungi mbuzi kwa kamba ya bluu, hukamui chupi ya bluu mbele za watu. Sasa mzee huyu siku moja akafungua redio asubuhi, akakuta habari zote mbaya. Ukame, ajali, kipindupindu. Mwingine angeuliza, jamani, kwa nini mambo yako hivi? Yeye akauliza, nani kaleta maneno haya?

Ndipo ikatungwa Sheria ya Lugha Laini. Maneno makali yakapumzishwa. Hayakufutwa, maana kufuta nako ni ukali. Hatari ikapumzishwa, onyo likapumzishwa, kosa, njaa, hitilafu, vyote vikaenda kupumzika. Njaa ukiwa nayo unasema una nafasi tumboni. Magari yakigongana yamekutana. Na neno la kwanza kabisa kupumzishwa lilikuwa moto, kwa sababu Waziri wa Lugha Laini alisema neno lile lina tabia ya kusambaa. Moto ukaitwa mwanga wa ziada.

Basi sheria ikafika mpaka kwenye majina ya watu. Si mnajua sisi tunavyoita watoto wetu, ukizaliwa mwaka wa dhiki wewe ndiyo Dhiki, mama akikupata kwa uchungu wa siku mbili wewe ndiyo Mateso, na maisha yanaendelea, wala hakuna anayelia. Maafisa wakapita nyumba kwa nyumba. Mimi Mashaka wakaniita Hakika. Mateso msukuma mkokoteni wakamwita Burudani, na alikuwa hana hata viatu. Bibi yenu Tabu wakamwita Raha.

Bibi yenu aliwatazama wale vijana, akawakaribisha uji, wakanywa, halafu akaniambia mbele yao, "Baba Chiku, miaka yote nimeitwa Tabu na tabu yenyewe imenipita mbali. Sasa wameniita Raha. Wewe ngoja uone."

Mimi kazi yangu ilikuwa fundi miavuli, langoni pale kwenye Soko la Mabati. Ilikuwa kazi ya mitego. Mteja analeta mwavuli umechanika, huwezi kusema umechanika, utaonekana unamsema mzee. Unasema, aisee, mwavuli wako umeongeza madirisha. Bibi yenu yeye alikuwa mama lishe, nyuma kabisa ya soko, na mafiga yake matatu na pipa la maji ya kuoshea vyombo. Wali, maharage, na mchicha wa nazi ambao, we acha tu. Watu walikuwa wanavuka soko zima kumfuata. Nyuma kule palikuwa na geti la pili, la chuma. Palikuwa, maana baadaye wakaja mafundi wakasimamisha picha kubwa ya Mwavuli Mkuu papo hapo getini, ghorofa nzima kwa urefu, fremu ya chuma na turubai, wakaichomelea kwenye geti ili upepo usimyumbishe. Akina mama wa kule nyuma wakauliza, sasa sisi tutapita wapi? Wakajibiwa, mtapita mbele, mkimwacha yeye awaangalie mgongoni.

Haya. Sasa lile gari.

Lilikuja gari la kuzimia ule mwanga, jekundu, refu, limetoka nchi za mbali huko. Halikuitwa zimamoto kwa sababu mnazozijua, liliitwa Gari la Utulivu. Likaegeshwa langoni kwa soko, karibu na kibanda changu, likajengewa turubai juu lisipigwe na jua. Siku ya uzinduzi Waziri wa Lugha Laini mwenyewe akaja kukata utepe. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia hotuba ya kutosha, akachukua kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari, akaanza kutusomea kwenye kipaza sauti.

Kitabu kile kilikuwa cha Kiswahili, lakini Kiswahili chake sijui kilitoka wapi. Nadhani kule kiwandani kuna mtu alifungua kamusi akawa anaokota maneno kama anayeokota kuni gizani. Kilianza hivi: "Pongezi kwa kununua moto." Watu wakatazamana. Waziri akameza mate, akaendelea, maana kipaza sauti ukishakishika huwezi kukiachia. "Mwanamume mmoja akamate mdomo wa mpira, mpira una hasira sana." Hapo akina mama wakaanza kujifunika kanga. "Gari likipiga kelele usiogope, kimbia, maji yako nyuma yako." Halafu ndiyo likaja lile lililoliua soko zima kwa kicheko. "Koki nyekundu ni mama, fungua mama kwanza. Koki bluu ni mtoto, mtoto asubiri mama. Hatari. Mtoto akitangulia, mpira utakufa."

Bwana we! Tulicheka mpaka Mateso akaanguka kwenye matikiti ya watu. Na yale maneno hayakuondoka. Yakawa msemo wa soko. Mtu akiruka foleni ya chakula kwa bibi yenu, anapigwa mwiko wa begani: mtoto, subiri mama. Watoto wadogo wakaruka nayo kamba. Mpaka vipofu walijua kwenye lile gari nyekundu ndiyo inayotangulia.

Lakini Waziri alishuka jukwaani amevimba. Ilikuwa aibu, kweli. Kwanza limesomwa neno moto hadharani, na hatari juu yake. Pili, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, bluu imeitwa mtoto. Bluu imeambiwa isubiri, na wananchi wakacheka.

Ikaundwa kamati. Jamani, nchi ile kwa kamati! Ikaitwa Kamati ya Kulainisha, mwenyekiti wake Profesa Kidalu, mtu mmoja mpole, amesoma mpaka kichwa kimebaki na nywele za pembeni tu. Wakaenda hotelini kando ya ziwa kukilainisha kitabu. Walikaa huko mvua zikaanza, mvua zikaisha, mahindi yakavunwa. Waliporudi, kile kijitabu kilichokuwa chembamba kama daftari la mtoto kimekuwa kinene kama tofali, jalada la bluu, picha ya mzee mbele, picha ya mzee nyuma, na katikati picha ya mzee akilitazama gari.

Profesa akaja sokoni kutueleza. Alisema kitabu cha zamani kilikuwa na kasoro ya adabu, kilikuwa kinatoa amri. Fungua, shika, kimbia, usiguse. Sasa gari ni zawadi ya Mwavuli Mkuu. Nani huyo wa kumpa amri mtu anayetumia zawadi ya Mwavuli Mkuu? Kwa hiyo amri zote zimeondolewa, na makatazo yote yameondolewa, hakuna usi hata moja humo ndani, mnaweza kutafuta kwa tochi. Mahali pake kamati imeweka maombi na shukrani. Akatusomea kipande. Sikumbuki chote, ila kilienda hivi: ikiwapendeza waheshimiwa, na baada ya itifaki kuzingatiwa, huenda ikaonekana vema, kwa wakati muafaka, kuuomba mpira uelekee upande ambao mwanga wa ziada umejitokeza. Watu wakapiga makofi. Kilikuwa Kiswahili kitamu, siwadanganyi. Ungeweza kukisoma harusini.

Bibi yenu alikuwa amesimama nyuma na mwiko wake mkononi. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Profesa mwanangu. Nyekundu na bluu, ipi inafunguliwa kwanza?"

"Swali zuri, mama yangu. Sasa ni bluu. Bluu haiwezi kuambiwa isubiri."

"Na mpira?"

"Mpira utaelewa."

Bibi yenu akarudi kwenye chungu chake. Alipita mbele ya kibanda changu akasema, baba Chiku, yule mtoto amesoma, lakini hajawahi kuepua chungu. Mimi nikacheka. Nilicheka, wajukuu zangu, na mpaka leo kicheko kile kimenikwama hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Gari likakabidhiwa kwa Kamanda Lugendo, Kamanda wa Utulivu. Kijana mzuri, mwenye haya, kila mchana alikuwa anakula maharage ya bibi yenu na kumwita mama. Alitaka afanye mazoezi na vijana wake, akanyimwa, maana ukifanya mazoezi unasema jambo linaweza kutokea. Akawa anafuta vumbi. Gari lile lilikuwa linang'aa, ungeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake.

Sasa juu ya soko, katikati pale kwa wauza mitumba, kulikuwa na nyaya za umeme zimening'inia kama matembele. Zilikuwa zinatoa cheche. Tulimlilia mkaguzi, akaja, akatazama, akaona kwa macho yake. Lakini aandike nini? Hitilafu limepumzishwa, hatari limepumzishwa. Akaandika kwamba waya una uchangamfu wa kuridhisha. Uongozi wa soko ukapewa cheti.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, saa ya chakula, foleni kwa bibi yenu imejaa. Mimi niko langoni nashona dirisha la mwavuli wa mtu. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, nikainua kichwa, nikaona moshi mweusi unatoka kwa wauza mitumba. Nguo za mitumba mnazijua, zile za nailoni, zinashika kama mafuta ya taa. Waliokuwa mbele wakaanza kuchungulia. Waliokuwa nyuma, kule kwa akina mama lishe, hawakuona kitu bado, na njia yao ya kutokea ilikuwa inapita hapo hapo kwenye mitumba.

Nikapiga kelele. "Moto! Moto!"

Askari mmoja akanishika bega. Akaniambia kwa upole, kwa upole kabisa, mzee wangu, kwa neno hilo utakuja kufungwa. Sema vizuri. Na mimi kwa woga wangu nikasema vizuri. Nikapaza sauti: mwanga wa ziada! Mnajua watu walifanya nini? Walitazama taa juu. Mmoja akasema afadhali, umeme umerudi, akaenda kuchomeka simu.

Nikamkimbilia Kamanda Lugendo. Alikuwa ameshasimama kando ya gari, kile kitabu kikiwa juu ya mto wa sponji kilioshonewa. Nikamwambia, mwanangu, mama yako yuko kule nyuma. Akasema, najua, baba, najua. Machozi yalikuwa yameshamjaa. Lakini akafungua ukurasa wa kwanza, kwa sababu kamanda mwenzake wa wilaya ya jirani, mwenye gari kama lile, alifungua maji bila kusoma, na yule mtu hatujamwona tena mpaka leo.

Akasoma. Mwavuli Mkuu wa Taifa. Vijiti vyote kwa vyeo vyao. Wakuu wa mikoa. Viongozi wa dini zote, wazee wetu, kinamama, vijana, wenye mahitaji maalumu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Paa la kwanza la bati likaanguka akiwa kwa wakuu wa mikoa. Ukurasa uliofuata ulitaka mgeni rasmi. Bahati nzuri, ndivyo walivyosema, bahati nzuri, Mkuu wa Wilaya alikuwa mgahawani ng'ambo ya barabara anakula kuku. Akaitwa. Akanawa mikono. Akaja na walinzi wake na mtu wa kumpiga picha.

Halafu utepe. Kila gari likitumika lilitakiwa likatiwe utepe upya. Utepe ulikuwepo, mkasi haukuwepo, mikasi yote iko ndani kwa mafundi cherehani, na ndani hakuingiliki tena. Mkuu wa Wilaya akatazama huku na huku. Nani ana mkasi?

Mimi nilikuwa nao. Mkasi wangu wa miavuli. Nikampa. Nilimkabidhi kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa, na nyuma ya moshi ule nasikia sauti za akina mama. Sauti ya bibi yenu naijua hata kwenye ngoma. Alikuwa anaita majina, anawahesabu wenzake. Mkuu wa Wilaya akasimama, akasubiri picha, akakata. Watu wengine walipiga makofi. Msiwalaumu. Mkono ukizoea, unapiga wenyewe.

Kamanda Lugendo akaziendea koki. Hapo soko zima, waliotoka na waliokuwa barabarani, wachukuzi, wauza maji, watoto wa kuruka kamba, wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja yale maneno ya kitabu cha kwanza, yale tuliyokuwa tunayachekea. Mama kwanza! Mtoto asubiri! Mama kwanza! Na Kamanda alisikia. Niliuona mkono wake unaenda kwenye koki nyekundu, ukaigusa kabisa. Mkuu wa Wilaya alimtazama tu. Akatazama koki ya bluu, akamtazama tena.

Mkono ukarudi. Akafungua bluu.

Mpira ukaelewa. Ulielewa upesi kuliko maprofesa wote. Ulijaa, ukavimba kama nyoka aliyemeza sungura, ukapasuka kuanzia shingoni, na maji yote, maji ambayo yalikuwa yanatosha, nasema yalikuwa yanatosha, yakampiga Mkuu wa Wilaya na mpiga picha wake yakateremka kwenye mtaro. Kile kitabu kinene kikaelea juu ya maji, kinaenda zake polepole, picha ya mzee ikitazama mbinguni.

Sasa pale ndipo Mateso alipokuja. Mateso yule Burudani wa mkokoteni, miguu peku. Akanishika mkono. "Baba Chiku, kile kitabu kimesema tusilisukume?"

Nikamwambia, hakijasema. Hakina usi hata moja.

"Basi twende."

Soko lile lilikuwa kwenye mteremko, na barabara ya pembeni inazunguka kwenda mpaka nyuma, kwenye lile geti la picha. Wachukuzi wa soko mzigo wanaujua. Wakaliegemea lile gari mabega kwa mabega, na Kamanda Lugendo akapanda akashika usukani, kofia ameitupa. Mimi nilisukuma taa ya nyuma kwa mikono hii. Likakata kona, likashika mteremko, likatuacha, na likaenda kumwingia Mwavuli Mkuu tumboni, likatokea mgongoni, na geti lote pamoja naye.

Akina mama wakatoka. Wamejifunika kanga zilizoloweshwa kwenye pipa la maji ya vyombo, mmoja baada ya mwingine, wanakohoa, wanatambaa juu ya turubai la picha. Kila aliyetoka nikamuuliza, Tabu yuko wapi? Kila mmoja akasema yuko nyuma yangu, ndiye aliyenivika kanga. Nyuma yangu. Nyuma yangu. Mpaka akatoka wa mwisho na nyuma yake hakuna mtu. Kamanda Lugendo akaingia, akatoka amembeba. Kanga zilikuwa zimekwisha kabla hazijamfikia yeye.

Hospitali nilikaa naye mpaka kesho yake jioni. Mikono walikuwa wamemfunga yote, siwezi hata kumshika. Akili yake ilikuwa timamu. Alifumbua jicho moja akaniuliza.

"Baba Chiku, uliwaambia ni moto?"

"Niliwaambia, mama Chiku."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wanazingatia itifaki."

Akacheka. Kifua kilikuwa kinamuuma, lakini alicheka, nilimwona. Akasema, "Si nilikwambia ngoja uone." Halafu akauliza kama maharage yaliepuliwa. Nikamwambia yameepuliwa. Na hilo lilikuwa la mwisho.

Redio ikatangaza kwamba Bi Raha, mkazi wa Soko la Mabati, amepata nafasi ya kudumu ya kupumzika baada ya kupokea mwanga wa ziada, na kwamba hali ya soko ni tulivu. Ilikuwa tulivu kweli. Majivu hayapigi kelele. Wakaleta na kibao cha kaburi, kizuri, cha bluu, kimeandikwa Raha. Mimi kusoma nasoma kwa kukokoteza, ila jina la mke wangu nalijua lina herufi ngapi. Nilikichukua kibao kile nikakipasua kwa shoka, nikakipikia uji wa waombolezaji. Nilikuwa na hasira, wajukuu zangu, hasira ambayo sikuwa na jina lake, maana hasira nayo waliipumzisha, ati tuseme uchangamfu. Nilikuwa na uchangamfu mpaka meno yananitetemeka.

Wakanishtaki. Walitaka kwanza kunishtaki kwa lile gari na ile picha. Wakili wa serikali akafungua kitabu kutafuta ni wapi imekatazwa kulisukuma gari ndani ya Mwavuli Mkuu. Akatafuta mpaka hakimu akasinzia. Haikuwepo. Kamati ilikuwa imefanya kazi safi. Na neno kosa limepumzishwa, kwa hiyo hata wangeliona hawana pa kuliweka.

Likabaki moja. Kwamba nilitamka neno.

Hakimu akauliza ni neno gani. Wakili akasema, mheshimiwa, ni lile. Lipi? Lile la kwanza kwenye sheria. Hakimu akasema mahakama haiwezi kuhukumu lile, mahakama inataka neno lenyewe. Wakili akatoa jasho. Karani akainua kalamu, akaishusha. Wakanigeukia mimi, wakaniuliza nilisema nini siku ile. Nikasema, mwenyewe nimesahau, mnikumbushe. Watu wakacheka kidogo, wakanyamazishwa.

Ndipo wakamwita Kamanda Lugendo. Wajukuu, yule kijana alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Aseme tu kwamba nilisema mwanga wa ziada, kesi iishe bila lile neno kutamkwa, na mpira ulikuwa wa zamani, na yeye atarudishiwa kofia yake. Mke wake alikuwa mjamzito, amekaa benchi la mbele. Wakili akamuuliza, shahidi, ulimsikia mshtakiwa akisema nini?

Kamanda alikuwa anatazama mkono wake wa kulia.

"Alisema moto," akasema. "Na ulikuwa moto. Na mimi nilifungua bluu huku najua."

Hakuna aliyepiga makofi. Karani, yule mtoto wa kike, nilimwona anaandika, anaandika neno lenyewe, herufi kwa herufi, halafu akalipigia mstari chini. Wakamchukua Kamanda kwa mlango wa nyuma. Alipopita kwangu akaniambia, nisamehe, baba. Nikamwambia, mwanangu, wewe ulimbeba. Mpaka leo tunapeleka chakula gerezani kwa zamu, mimi na Mateso na wale mama zenu wa sokoni, na mtoto wake amezaliwa, na askari wa getini hawakubali kutuambia kama chakula kinamfikia.

Mimi nilihukumiwa kulainishwa. Maana yake nisiseme tena hadharani maisha yangu yote, sokoni, msikitini, msibani, popote penye watu zaidi ya jamaa zangu. Nikisema nje ya mlango huu, narudi kwa hakimu. Profesa Kidalu alipewa nishani. Koki kwenye magari mapya zote zimepakwa bluu, ili zisigombane.

Ndiyo maana nikawaambia fungeni mlango.

Juzi, mama yenu Chiku aliniachia huyu mdogo hapa, huyu anayetambaa, kule ofisini wamemwandika Raha na hapa nyumbani tunamwita Tabu, jina la bibi yake. Nilikuwa nimeinjika sufuria. Nimegeuka kuchukua chumvi, nageuka tena, mtoto amefika kwenye mafiga, amekaa kitako, macho yanamng'aa, kaunyoosha mkono kulishika kaa jekundu. Hakukuwa na mgeni rasmi. Hakukuwa na utepe.

"Moto," nikamwambia. "Usiguse."

Akanitazama. Akarudisha mkono.